Sekunde Kumi na Moja za Arvella

Kompyuta ilimkataa Arvella Tuttle Jumatano, saa nne kasorobo asubuhi, na ilimkataa kwa adabu. Kwanza ilimshukuru kwa kutaka kujiunga na familia ya kampuni. Ikamwambia mtandao wake unatosha, kumbukumbu inatosha, kamera iko sawa. Kisha kwenye mstari wa nne ikaweka alama nyekundu na maneno haya: kadi ya picha haifikii kiwango. Chini yake kulikuwa na picha ya msichana mwenye visikizi masikioni, anacheka.

"Inasemaje?" aliuliza mumewe, Dewitt, kutoka kwenye kochi.

"Inasema kadi ya picha."

"Ya nani? Mbona kitambulisho ulishawapelekea?"

"Kadi ya kompyuta, Dewitt. Kile kibao cha ndani kinachochora vitu kwenye kioo. Wanasema cha kwetu ni kizee."

Dewitt alitaka kucheka, kikohozi kikamuwahi. Alipomaliza alifuta mdomo kwa leso, akaitazama leso, akaikunja. "Si ulisema kazi yenyewe ni kupokea simu?"

"Ndiyo."

"Sasa siku hizi simu zinapokelewa kwa macho?"

Kampuni ile ilipokea simu kwa niaba ya shirika la bima. Mtu akinyimwa dawa hupiga simu kulalamika, na anayepokea humsomea sababu kutoka kwenye kioo, neno kwa neno. Arvella aliiona kazi hiyo kuwa mbaya, na aliiomba mara nne. Anayeajiriwa hupata bima ya shirika hilohilo, yeye na mwenzi wake, kuanzia tarehe mosi ya mwezi unaofuata. Mapafu ya Dewitt yalikuwa yamekula vumbi la mbao miaka ishirini na sita katika kiwanda cha samani, na dawa ya kuvuta aliyoandikiwa ilikuwa dola mia nne na kumi kwa kopo la siku thelathini. Wao walilifikisha siku hamsini. Siku ambazo Dewitt hakuvuta waliziita siku za kupumzika, na daktari hakuambiwa.

Akapiga namba iliyokuwa chini ya yule msichana anayecheka.

"Habari za asubuhi, hapa ni Kaylin, furaha yako ndiyo kazi yangu."

"Binti, naitwa Arvella Tuttle. Kompyuta yangu imefaulu yote isipokuwa kadi ya picha. Nilitaka kujua, kama kazi ni simu, hiyo kadi ni ya nini?"

"Swali zuri sana, Bi Arvella. Hiyo ni kwa ajili ya Uwepo."

"Uwepo wa nani?"

"Uwepo ni programu yetu. Inaangalia uso wako ukiwa kazini, ili kukusaidia usipoteze umakini. Ukitazama pembeni, inakukumbusha. Zamani picha zilikuwa zinakuja huku kwetu kuchambuliwa, na wenzako wakalalamika kwamba tunaingilia faragha yao. Tukawasikiliza. Sasa uchambuzi wote unafanyika kwenye kompyuta yako mwenyewe, hapohapo nyumbani. Ndiyo maana inabidi kadi iwe na nguvu kidogo."

"Na kadi ananunua nani?"

"Wewe. Kwa hiyo ni yako kabisa. Hata siku ukiondoka, hatukunyang'anyi." Kaylin alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi, na kwa hakika aliamini kuwa ni zawadi, maana ndivyo ilivyoandikwa mbele yake. "Una hadi Ijumaa saa sita mchana, Bi Arvella. Baada ya hapo mfumo unaita jina linalofuata."

Alipokata simu Dewitt alikuwa bado anamtazama.

"Sisi kule kwenye mbao," alisema taratibu, kwa kuwa maneno mengi yalimgharimu pumzi, "msimamizi alikuwa kimeo, lakini angalau macho alikuja nayo mwenyewe. Wa kwako anataka umnunulie."

"Nitamnunulia," Arvella alisema. "Nitamnunulia na miwani akitaka."

*

Pale Pilot Fork, Karolina Kaskazini, kila anayejua kufungua kompyuta alifundishwa na kiwanda kimoja cha kuunda kompyuta. Kiwanda chenyewe sasa ni ghala la vyakula vya mbwa. Kilipokuja, kaunti ilikipa ardhi bure, ikakichimbia mabomba ya maji, ikakitengenezea barabara ya njia nne, ikakisamehe kodi kwa miaka ishirini. Kilikaa saba. Siku ya kufunga, kila mfanyakazi alipewa kompyuta moja kati ya zile za mwisho, imefungwa utepe, pamoja na karatasi ya kusaini kwamba hadai kitu kingine. Wengi walisaini wakiwa wamekumbatia maboksi, kwa hiyo saini za siku ile zimepinda. Wapo wanaosema hayo yamepita. Yamepita kwa waliohama.

Barabara ya njia nne bado ipo, na hiyo ndiyo waliyopita Dewitt na Arvella Alhamisi asubuhi kwa pikapu yao, kompyuta ikiwa katikati ya kiti cha mbele, imefungwa mkanda.

Gaither Spainhour alikuwa kiongozi wa mstari wa tatu enzi za kiwanda. Sasa alitengeneza kompyuta na simu kwenye gereji ya nyumba yake. Alikuwa mrefu, mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani, na kila mara aliitafuta ya kichwani.

"Tuttle," alimwambia Dewitt. "Bado unapumua."

"Kwa zamu."

"Na Bi Arvella. Muda mrefu." Aliinua kompyuta, akaigeuza na kuipapasa ubavuni. "Ya mwisho hii, ya utepe. Huyu mtoto ni wa kwetu. Inaumwa nini?"

Arvella akamweleza. Aliposikia habari ya Uwepo, Gaither alishusha miwani ya kichwani, akawa amevaa zote mbili. "Kwa hiyo kadi inakuwa ya kukutazama wewe."

"Ndiyo."

"Hapa huwa wanakuja vijana wanaotaka kadi ya kuulia mazimwi kwenye michezo. Wewe ndiye mteja wa kwanza ambaye zimwi liko upande wa pili." Akatoa kadi kutoka kwenye droo, pana kama kitabu cha nyimbo, yenye feni mbili. "Hii itawatosha wao na jamaa zao. Dola sitini, kwa kuwa ni wewe."

Arvella alikuwa na sitini na nne, na alikuwa amejua hivyo tangu kitandani. Akaitikia kwa kichwa.

Nyuma ya gereji, kwenye meza ndefu chini ya dirisha, aliketi mke wa Gaither, Nadine, akichambua simu mbovu: vioo huku, betri kule. Alikuwa ameitikia salamu ya Dewitt. Ya Arvella ilikuwa bado inaning'inia hewani.

Gaither alifungua ubavu wa kompyuta kwa bisibisi, akachungulia, akaingiza vidole kwenye kisanduku cha umeme, kile ambacho mafundi hukiita pawa saplai. Alivuta fungu la nyaya, akazitenganisha moja moja. Akarudia. Akachukua tochi.

"Ahaa," alisema.

"Ahaa nini?" Dewitt aliuliza.

"Kadi kama hii inakunywa umeme mwingi kuliko unaotoka kwenye ubao mkuu wa ndani. Inataka waya wake yenyewe kutoka kwenye pawa saplai, waya wenye kichwa cha matundu sita. Hapa haupo."

"Si unaongeza tu?"

"Ungekuwa umekatika ningeunga. Huu haukuwekwa kabisa. Na pawa saplai yenyewe huwezi kubadilisha, Tuttle. Waliitengeneza umbo la peke yake. Ya dukani hata matundu ya skrubu hayaelekeani, na plagi ya hii wameigeuza kusudi. Ukitaka kuongeza kitu kwenye hii kompyuta, jibu lao ni ununue nyingine." Akazima tochi. "Zile za mwanzo zilikuwa nao huo waya. Zote. Hata ambazo hazikuhitaji. Tulikuwa tunaukunja, tunaufunga kamba ya plastiki, tunausukumia nyuma, ukae kungoja watu kama nyie."

"Sasa ulienda wapi?"

Gaither alianza ghafla kusafisha bisibisi. Arvella alikuwa akiangalia sakafu ya gereji, ambayo haikuwa na cha kuangaliwa.

"Mwambie," Nadine alisema kutoka nyuma, bila kuinua kichwa. "Mwambie mumeo waya ulienda wapi."

*

Kiwandani kulikuwa na sanduku la mapendekezo. Lilikuwa la bati, limepakwa rangi ya njano, karibu na mlango wa kutokea. Kila mfanyakazi alitakiwa kutumbukiza walau wazo moja kwa mwezi la kuokoa muda au mali, na asiyetumbukiza aliandikiwa kuwa hana moyo wa timu. Wazo likikubaliwa, mwenye wazo alipewa zawadi na kupigwa picha. Kampuni iliuita mpango huo Sauti Yako. Hakuna aliyeuliza kwa nini sauti lazima ipite kwenye tundu la ukubwa wa kidole.

"Niliandika Ijumaa moja," Arvella alisema. Alikuwa akiongea na Dewitt lakini sauti aliielekeza nyuma. "Nilikuwa nataka kwenda nyumbani, sikuwa na wazo lolote. Nikaona kompyuta zinapita na ule waya umekunjwa. Nikaandika kwamba wateja tisa kati ya kumi hawautumii, na kuukunja kunachukua sekunde kumi na moja. Hivyo tu. Mistari miwili."

"Na wakauondoa," Dewitt alisema.

"Wakauondoa kuanzia mwezi uliofuata."

"Mimi niliandika waongeze sabuni chooni," Gaither alisema. "Mara tisa."

"Gaither," mkewe alisema, "nyamaza." Aliinuka, akaja hadi kwenye meza ya mbele. Alikuwa mfupi, mikono yake myepesi, na alisimama karibu na Arvella kama mtu aliyepanga foleni. "Walikupa nini?"

"Nadine, unajua walichonipa. Picha ilikaa ukutani mwaka mzima."

"Najua. Nataka kukusikia."

Arvella akalamba midomo. "Cheti. Na paja la nguruwe la Krismasi, lililokaushwa kwa moshi."

"Lilikuwa na uzito gani?"

"Nadine."

"Uzito."

"Ratili kumi na mbili."

"Meza ya kukunja tulikuwa wanawake sita," Nadine alisema. "Mimi, Ruthanne, wale mapacha wa Yadkin, Dreama, na yule mama wa kutoka Laos aliyekuwa anatuletea wali. Kazi yetu ilikuwa ile tu. Kukunja, kufunga, kusukuma. Tuliambiwa Jumatatu kwamba kazi imekwisha. Sita kwa kumi na mbili. Ratili mbili kila mmoja." Hakupandisha sauti. "Nimefanya hiyo hesabu miaka mingi, kila nikipita kwenye nyama."

Dewitt alimwangalia mkewe. Alikuwa amekula lile paja. Alikumbuka kwamba lilikuwa tamu na lilifika hadi Januari kwa supu ya maharage.

"Sikujua kama wangewaondoa," Arvella alisema. "Nilidhani watawahamishia meza nyingine. Walituambia sekunde, Nadine. Kila siku ni sekunde. Hawakuwahi kutuambia kwamba sekunde zina majina."

"Sasa unajua."

"Sasa najua."

Dewitt alikohoa, kikohozi kile kirefu, cha kushika ukingo wa meza. Nadine alimsubiri amalize. Alimtazama usoni, akamtazama mikono, kisha akamgeukia Arvella.

"Hiyo kazi ina bima?"

"Ndiyo sababu naitaka."

"Yake?"

"Yake."

Nadine akavuta pumzi kupitia puani. "Gaither, mpe ile ndogo. Ile ya kwenye kompyuta ya benki."

"Ile ina bati refu la kuifungia. Kasha hili ni jembamba, halitafunga."

"Toa bati."

"Nikitoa bati itaning'inia, mama. Ikicheza kidogo inachomoka."

"Toa bati, Gaither."

Kadi ya pili ilikuwa na urefu wa kiganja, feni moja, vumbi lake likiwa bado la benki. Hiyo haikuhitaji waya wa pembeni. Umeme wa ubaoni uliitosha. Gaither aliondoa skrubu mbili, akatoa bati, akaichomeka kadi kwenye nafasi iliyokuwa tupu ubaoni. Ilikaa ikiwa imeinama, kama jino la mtoto. Nadine alichukua kamba mbili nyembamba za plastiki kutoka kwenye mfuko wa aproni, akaingiza mkono ndani ya kasha bila kuchungulia, akapitisha, akavuta, akakata ncha. Gaither alitikisa kompyuta nzima. Kadi haikucheza.

"Kiasi gani?" Arvella aliuliza.

"Ishirini," Gaither alisema.

"Sitini," Nadine alisema. "Kadi ishirini. Kazi ya mkono arobaini."

Arvella akalipa sitini. Hakuwahi kulipa kitu kwa moyo mweupe namna ile, na bado vidole vilichelewa kuziachia noti.

*

Ijumaa saa tano na dakika tano kioo cha kompyuta nyumbani kwa Tuttle kilikuwa cheusi.

Kompyuta yenyewe iliwaka. Feni ilizunguka, taa ya mbele ilikuwa ya buluu. Kioo kiliandika "hakuna mawimbi", kikazima. Arvella alizima na kuwasha mara sita. Dewitt alichomoa waya wa kioo, akaupuliza, akaurudisha palepale ulipokuwa siku zote. Kikaandika tena hakuna mawimbi.

"Imeungua," Dewitt alisema. "Au Nadine ametufunga kamba ya shingo."

"Usianze."

"Nasema tu. Ingekuwa mimi, ratili mbili, nami ningefikiria."

Saa tano na dakika ishirini na tano Arvella alipiga simu kwa Gaither. Ikaita hadi ikakatika. Akapiga tena. Alikuwa na picha kichwani ya mfumo ukifungua mdomo kuita jina linalofuata, na jina lenyewe aliliona, la mwanamke fulani wa Tennessee mwenye kompyuta mpya. Mara ya tatu simu ilipokelewa, na haikuwa sauti ya Gaither.

"Gaither yuko chini ya nyumba anatafuta paka," Nadine alisema. "Kuna nini?"

"Kioo cheusi."

"Feni inazunguka?"

"Inazunguka."

"Waya wa kioo umechomeka wapi?"

"Pale pale."

"Pale pale wapi, Arvella?"

"Nyuma. Pale unapochomekwa waya wa kioo. Kuna tundu moja la buluu, na waya wenyewe una kichwa cha buluu. Unaingia vizuri kabisa."

"Wewe kiwandani ulikuwa unafanya nini?"

"Skrubu nne za ubavu wa kushoto."

"Miaka saba."

"Miaka saba."

"Na nyuma yake hukuwahi kuiona."

Arvella akafikiri. Zilipita mbele yake, kwa hesabu ya mwisho waliyowasomea siku ya kufunga, zaidi ya milioni moja na nusu, na zote zilikuja zikiwa zimempa ubavu. Nyuma ilikuwa ya watu wa upande wa pili wa mstari, na kuvuka mstari kulikatazwa. "Hapana," alisema. "Hatukuwa tunaiona."

"Geuza sasa. Lile tundu la juu ni la zamani, ni la ubao. Ukiweka kadi, linakufa. Teremka chini, kuna nafasi kama ya kutilia barua, ndani utaona ncha ya kadi, ina tundu la buluu kama lile. Kwa sababu tumetoa bati, halijakaa sawa. Ingiza waya kwa kuinua kidogo."

Dewitt alikuwa tayari amepiga magoti nyuma ya meza, kichwa kimeegemea ukuta. "Nimeona," alisema. "Lipo. Limejificha kama mpangaji." Akachomeka. Kioo kikawaka.

Arvella alikaa chini. Alisikia upande wa pili Nadine akipumua.

"Nadine, asante."

"Sita za kwanza kurudishwa kwa ubovu zilikuwa hivyohivyo," Nadine alisema. "Watu wamechomeka juu. Tukasema waweke kifuniko cha plastiki kwenye tundu la juu, mteja asikosee. Dreama aliandika, akatumbukiza kwenye sanduku."

"Wakasemaje?"

"Kifuniko kingechukua sekunde nne." Akakata simu.

Saa tano na dakika arobaini na nane programu ilipima mtandao, ikapima kumbukumbu, ikapima kamera. Ilipofika mstari wa nne ilikaa muda mrefu, duara likizunguka, na Dewitt alizuia kikohozi kwa ngumi kana kwamba ingesikia. Kisha ikaweka alama ya kijani. Karatasi za rangirangi zikamwagika kwenye kioo, laini kabisa, bila kukwamakwama, maana kadi ilikuwa nzuri. Karibu kwenye familia, Arvella.

"Haya, ndugu yangu mpya," Dewitt alisema, akapiga ubavu wa kompyuta makofi mawili. Walikula mkate wa mahindi na samli, na mchana ule Dewitt alivuta dawa yake kwa dozi kamili, kama mtu mwenye bima.

*

Jumatatu saa mbili asubuhi Uwepo ulimwomba Arvella azungushe kamera ili uone chumba. Nyumba yao ilikuwa ya kuvutwa kwa lori, ile ndefu nyembamba, na mtandao ulishika chumba cha mbele tu. Kamera ikaona jiko, ikaona dirisha, ikaona kochi. Ikachora mraba mwekundu kuzunguka kochi.

*Mtu wa pili ameonekana. Kwa ajili ya siri za wateja, tafadhali mwombe aondoke.*

"Nenda chumbani," Arvella alimwambia mumewe.

Dewitt akaenda chumbani, akafunga mlango. Ukuta kati ya chumba na sebule ulikuwa wa unene wa kidole. Saa mbili na dakika saba alikohoa.

*Sauti ya pili imesikika. Onyo la kwanza kati ya matatu.*

Kulikuwa na kitufe cha msaada. Akakibonyeza, na Kaylin akatokea, uso mzima, akicheka kama picha yake. Ni yeye aliyekuwa yule msichana.

"Bi Arvella, kadi yako inafanya kazi vizuri ajabu. Ya wengine huwa haioni mpaka kochi."

"Binti, huyo ni mume wangu. Ni mgonjwa. Ndiye niliyemwandika kwenye bima."

"Naelewa kabisa, na pole sana. Yeye anakaribishwa kwenye bima. Kwenye sauti ndipo hatuwezi. Maonyo matatu kwa mwezi, mfumo unafunga wenyewe, hata mimi siwezi kuuzuia. Na ukifunga kabla ya tarehe mosi, basi na bima inakuwa haijaanza." Akapunguza sauti, akawa kwa sekunde moja binti wa mtu. "Hana pa kwenda mchana? Ni kwa muda wa saa nane tu."

Ilikuwa Januari. Nje kulikuwa na barafu kwenye ngazi. Maktaba ilifunguliwa siku tatu kwa wiki, na Jumatatu haikuwamo tangu kaunti ilipokosa ile kodi ya miaka ishirini. Dewitt, ambaye alisikia yote kupitia ukuta wa unene wa kidole, alitoka chumbani akiwa amevaa koti, kofia ya masikio na soksi mbili. Alipita kwa kuinama chini ya jicho la kamera, akiwa na chupa ya kahawa, kopo la dawa na gazeti la Jumapili. Alikuwa mzee wa miaka sitini na moja, anatembea kwa magoti na kiganja kimoja ndani ya nyumba aliyoilipia.

"Dewitt," Arvella alisema kwa midomo tu, bila sauti.

"Pokea simu," Dewitt alijibu vilevile.

Simu ya kwanza iliingia saa mbili na nusu. Ilikuwa ya mwanamke wa Georgia, dawa ya sukari ya mwanawe imekataliwa. Arvella akamsomea sababu iliyokuwa kwenye kioo, kisha alipoulizwa kwa nini, akaisoma tena. Pikapu ilisimama uani, mbele ya dirisha, hatua kumi kutoka mezani. Injini ilikuwa imezimwa ili kuokoa mafuta. Kwa pembe ya jicho aliona kofia ya masikio, aliona vioo vikianza kupata ukungu kwa ndani.

Ilipofika saa nne Dewitt aliinua mkono kumsalimia. Alikuwa anamaanisha kwamba yuko salama, au kwamba kahawa imekwisha. Kwa mkono mmoja ni vigumu kujua. Arvella hakugeuza uso. Alikuwa amegundua kwamba jicho likikaa dirishani zaidi ya sekunde mbili, mstari wa kijani juu ya kioo hubadilika kuwa wa njano. Aliukazia macho mstari ule, na ukabaki wa kijani, na nyota ndogo ikatokea pembeni kumpongeza kwa saa moja na nusu ya kwanza bila kupepesa mawazo.

Uani, mkono ulikaa juu kidogo zaidi, kisha ukashuka. Dewitt alihakikisha vioo vyote vinne vimepandishwa hadi juu, akaegemea usukani, na humo ndani akakohoa alivyotaka.